Jiwe Alilopewa Skolastika

Ifahamike tangu mwanzo kwamba Leokadia halali darasani kwa uvivu. Analala kwa heshima, mgongo wima, kalamu mkononi, kama mtu aliyefumba macho ili maneno ya Mwalimu Mbena yasimwagike. Ni saa nane mchana, kipindi cha Jiografia, maharage bado yanatafuta pa kukaa tumboni, na Mwalimu anasema miamba iko ya aina tatu. Leokadia anausikia wa kwanza, anausikia wa pili, na wa tatu unafunguka kama mlango, naye anaingia.

Ndani kuna barabara nyeupe ya kwatzi, lile jiwe lililo kama kioo, inayong'aa kutoka chini, kana kwamba jua limezikwa humo, na kila anapopiga hatua moja barabara inajiongezea mbili. Amekumbatia trei yake ya mayai, ile anayoificha chini ya kitanda bwenini, matundu thelathini, mawe ishirini na tisa. Mjomba wake humletea kutoka Mahenge vipande ambavyo wachimbaji hawavitaki: ganeti nyekundu kama damu ya pua, ametisti yenye ufa, ulanga unaobanduka ngozi kwa ngozi kama kitunguu. Leokadia anayapenda mawe haya kwa namna asiyothubutu kuisema mbele za watu. Wakati wa joto huyaweka shavuni. Huyainua kwenye mwanga akaona ndani yake vyumba vidogo visivyo na mtu, akatamani kuhamia. Lakini bwenini mapenzi ya aina hiyo ni aibu, kwa hiyo ameyatungia mawe kazi, na kwa uso wa daktari amewatangazia kidato cha kwanza kwamba hili jeupe linaondoa hofu ya Hisabati, huu ulanga unamzuia matroni asinuse mihogo ya kukaanga, na hili la kijani linaleta barua ya mvulana ndani ya wiki nne. Wakaamini wote. Tundu la thelathini ni tupu. Humo lilikaa jiwe zuri kuliko yote, spineli ya waridi, na siku ya kufunga shule alilitia katika kiganja cha Skolastika, jirani yake wa kitanda, akamwambia kwa sauti ya hakimu kwamba anayelishika hurudi daima. Skolastika akacheka, akalitia ndani ya soksi, akapanda gari. Shule imefunguliwa wiki ya saba sasa, godoro lake halina shuka, na inasemekana baba yake amehamishiwa Sumbawanga na familia yote.

Kwenye kona amesimama kiongozi wa njia, amevaa sweta la shule, na mahali pa uso pana ulaini mtupu, kama sabuni iliyotumika sana. Leokadia anamwamkia, maana adabu haina likizo, kisha anamuuliza barabara hii inakwenda wapi. Inakwenda kwa anayeitembea, anajibu kiongozi. Leokadia anamwambia hilo si jibu, hata yeye mwenyewe hudanganya vizuri zaidi. Najua, anasema kiongozi, ndiyo maana mji huu ni wako. Na mji unakuja wenyewe, kuta zake vioo vitupu, na kila kioo kinamwonyesha Leokadia kisogo chake. Humu kila alichotunga kimekuwa sheria. Matroni wasio na pua wanafagia ua. Wasichana wamekaa kwenye ngazi wakingoja wiki ya nne, ambayo kila siku imebakiza siku moja, na hawana hasira hata kidogo. Bado kesho tu, dada, anasema mmoja wao, kwa uvumilivu unaochoma kuliko matusi. Leokadia anatafuta kicheko chake cha kawaida, hakipo. Anauliza, Skolastika yuko wapi? Anarudi, anasema kiongozi. Lini? Sasa.

Naye anarudi kweli, vumbi hadi magotini, ngumi imefumbwa. Anaingia kwa lango la huku, na kabla hajaketi mtaa unamgeuza, unamtoa kwa lango la kule, na punde anaingia tena. Leokadia anamkimbilia, anakwenda naye sambamba akihema. Jiwe lako hili lina ukaidi, shoga, anasema Skolastika. Linanirudisha tu. Ili nirudi lazima kwanza niondoke, na nikifika tu naondoka tena. Kwako sikai, kwetu sifiki. Leokadia anamgeukia kiongozi, anaomba, anabembeleza, anaahidi hata kufua soksi za bweni zima. Kiongozi anasema aliyeifunga sheria ndiye anayeifungua, ila ikifunguliwa, jiwe ni jiwe tu. Naye atakwenda? Atakwenda. Na atarudi? Hapo kiongozi, mwenye fumbo kwa kila swali, ananyoosha tu mikono ya sweta lake.

Skolastika anapita mara ya tano, ya sita. Leokadia ana uongo wa kutosha kumzungusha hapa mpaka mwisho wa dunia, na kumwona anapita ni tamu, tamu mno, hata kwa muda huo mfupi. Lakini anaona visigino vya mwenzake vimepasuka. Simama, Skola, anasema. Hilo jiwe halina kazi. Nilitunga palepale, begi lako likiwa tayari limepakiwa. Kwa hiyo halina maana? anauliza Skolastika. Ina maana sikutaka uondoke.

Mtaa unatulia. Skolastika anafungua ngumi, anatazama, anatabasamu kwa upande mmoja. Nilijua, anasema. Mwongo kama wewe hatoi jiwe lake zuri hivihivi. Ulidhani nililibeba kwa ajili ya uganga? Analirudisha kwenye soksi na kushika njia, na barabara sasa imenyooka, haijiongezi, haimgeuzi. Leokadia anamwangalia mpaka anakuwa mdogo kama punje ya mchele. Kifua kinamuuma, na hakumbuki mzaha wowote wa kukifunika.

Leokadia, inaita sauti mbele yake, yenye ukavu wa chaki. Leokadia, inaita nyingine, mbali, nyuma yake, yenye vumbi la njiani. Macho bado yamefumbwa. Chini ya viwiko kuna kitu baridi, laini, huenda ni dawati, huenda ni kwatzi. Anajua akigeukia upande mmoja atapoteza mwingine. Abee, anaitika, polepole, kichwa kikiwa palepale, akisikiliza ni nani kati yao atakayesema njoo.