Makande ya Mgeni

Mwezi wa sita shule zilipofungwa, kina mama wa mtaa mmoja wa Masuguru, pale Korogwe, walianza kuwapikia watoto chakula cha mchana cha likizo. Kilikuwa cha bure. Wafanyabiashara wa sokoni walitoa mahindi na maharage, kanisa likatoa uwanja na masufuria, waumini wa msikitini wakaleta kuni, na kina mama wakapangiana zamu za kupika. Sharti lilikuwa moja tu, mtoto ale palepale. Liliwekwa baada ya baba mmoja mzima, na ndevu zake, kukutwa akimngoja mwanawe getini, kijiko mfukoni.

Mwanaisha hakuweza kwenda zamu. Alikuwa kwenye eda ya mumewe, Sharifu fundi baiskeli, aliyechukuliwa na homa ya ghafla mwishoni mwa masika. Getruda, mkuu wa jiko la watoto, alikuwa Mkristo na mjukuu wa wakata mkonge, lakini mambo ya eda aliyajua vizuri. Akaona kama mwanamke hawezi kuifuata zamu, basi zamu imfuate. Kila asubuhi alimpelekea maharage kwenye beseni ayachambue.

Naye aliyachambua. Vidole vilitoa mawe na makapi huku mwenyewe hayupo. Majirani walimsifu kwa subira, na sifa zao aliziacha zipite. Haikuwa subira, ilikuwa ganzi, kama mguu uliolaliwa vibaya, isipokuwa hii ilimshika mwili mzima na haikutaka kuachia. Alisikia njaa kwa mbali, akasikia usingizi kwa mbali, na watoto wake pia aliwasikia kwa mbali, kama watoto wa nyumba ya pili.

Jikoni kwake hapakuwashwa moto tangu matanga yalipoanuliwa. Siku za matanga walijaa watu ambao hata marehemu asingewatambua, wakala pilau, wakashushia na chai, wakaenda zao kusahau. Baada ya hapo mwanawe Yusra, aliyekuwa darasa la tatu, na mdogo wake Muhsin, ambaye hajaanza hata shule, walikula makande ya likizo mchana, na jioni uji wa kuomba kwa jirani. Mama yao alichambua maharage ya mtaa mzima na hakubandika hata kikombe kimoja cha wanawe. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mbaya. Alikuwa anasimama mbele ya mafiga, anasahau alichofuata, anarudi kukaa.

Siku moja asubuhi akafika Mhina, kaka mkubwa wa Sharifu, kutoka Handeni. Alikuwa mkulima, mtu wa haki, na aibu aliiogopa kuliko njaa. Alikaa sebuleni. Mwanaisha akakaa chumbani nyuma ya pazia, kama eda inavyotaka.

"Pole na msiba, Mama Yusra."

"Tumeshapoa, shemeji."

"Sikuja kwa ubaya. Nimesikia huko kwetu watoto wa mdogo wangu wanapanga foleni na bakuli. Nikabisha. Nikasema mke wa Sharifu ana mikono. Nimefika hapa sijaona moshi." Akakohoa. "Sasa mimi nimeamua hivi. Kama nyumba haipiki, watoto nawachukua leo kwa basi la alasiri. Muhsin atakaa kwangu, Yusra atakwenda kwa shangazi yake Fatu, kule kijijini. Wewe umalize eda yako kwa utulivu, halafu tutaona."

Mwanaisha alisikia kila neno. Alijua kwamba hapa mama mwingine angepiga yowe. Akalitafuta yowe ndani yake, hakuliona.

"Sawa, shemeji," akasema.

Yusra alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Alimtazama mama yake, akangoja aongeze neno, na neno halikuja. Basi akamshika Muhsin mkono, akamwambia baba yao mkubwa kwamba wanakwenda kucheza, wakatoka.

Mhina akabaki na kofia yake magotini. Alizungumzia mahindi, akazungumzia tembo waliovamia shamba la jirani yake. Adhuhuri alikwenda kuswali, akarudi. Alikuwa na njaa na alikuwa mgeni, na nyumba ya mdogo wake ilikuwa kimya.

Watoto walirudi kwa mlango wa uani. Kupitia mlango wa chumba unaotazama uani, Mwanaisha alimwona Yusra akitoa bakuli la plastiki chini ya mtandio, limejaa makande yanayotoa mvuke. Hakujua ameyapitisha vipi getini, labda Getruda alifumba macho. Mtoto alishusha hotpoti ya wageni kabatini, akayamimina, akafunika. Muhsin alifungua mdomo kusema kitu, akapigwa kikumbo cha mbavu kilichomfunga mdomo papo hapo. Kisha Yusra akaingia sebuleni na maji ya kunawa, akapiga goti.

"Karibu chakula, baba mkubwa."

Mhina alifunua, akashangaa. "Nani kapika?"

"Mama," Yusra akasema. "Alipika mapema, kabla hujafika. Tulikuwa tunayapasha kwa jirani, kuni zetu zimeisha."

Mhina alichota kijiko, akatafuna, akachota kingine.

"Hata kijiwe kimoja hakuna," akasema, uso umefunguka. "Nilijua mimi. Watu wa kwetu wana maneno! Yusra, njoo tule, mwanangu."

"Nimeshiba, baba mkubwa. Nilikula mwanzo."

"Kidogo tu."

"Nimeshiba kweli."

Akakaa mkekani, mikono mapajani, na macho yake yakawa yanakifuata kijiko. Kilikwenda hotpotini, kikapanda mdomoni, kikashuka. Kupitia upenyo wa pazia Mwanaisha aliyaona macho hayo. Alitaka kufungua pazia aseme shemeji acha, hicho ni chakula cha mtoto, hajala tangu uji wa jana. Lakini alijua akisema hivyo, wanawe wanapanda basi. Akanyamaza, na safari hii kunyamaza kulimuuma. Mhina alikula mpaka chini. Alikuwa mtu mwenye adabu na hakutaka kumvunja moyo mpishi.

"Basi, Mama Yusra, nimeridhika," akasema akiamka. "Watoto wabaki na mama yao. Tukivuna nitawaletea gunia. Tatizo lilikuwa maneno ya watu tu."

"Ahsante, shemeji. Utusalimie huko."

Yusra alimsindikiza mpaka barazani, akarudi. Alichukua hotpoti, akapitisha kidole pembeni kote, akakilamba, akanywa maji kikombe kizima, akaongeza kingine. Mwanaisha akatoka nyuma ya pazia.

"Yusra, una njaa?"

"Hapana, mama."

"Umekula nini?"

"Nitakula kesho. Kesho zamu ya wali."

Ganzi ikaachia yote kwa mara moja, na ilimuuma vibaya sana. Aliona haya mbele ya mtoto wake mwenyewe. Akakaa chini, kilio kikaanza kumpanda kifuani kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Yusra aliruka, akamziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya maharage.

"Nyamaza, mama, nyamaza," akanong'ona, macho yake mlangoni. "Hajafika mbali. Atasikia, atarudi."

Mwanaisha akaingiza upindo wa khanga mdomoni, akaung'ata.