Kovu la Pili

Huancapuquio, kijiji cha milimani, mtu asiye na kovu shavuni huulizwa kwao ni wapi. Usubi wa bonde lile haubagui: humpa kila mtoto kidonda chake kimoja, kikakaa miezi, kikapona, kikaacha alama, na basi, umekuwa mwenyeji. Wenyewe hukiita uta. Eleuterio alipata chake akiwa na miaka minne, chini ya jicho la kushoto, na hakuna aliyehangaika kumpa pole.

Kwa hiyo kidonda kipya cha mguuni, cha mviringo, kingo zimenyanyuka, wala hakiumi, alikipa jina lilelile. "Uta tu," alimwambia mkewe, Fortunata. Angesema nini? Miezi mitano Fortunata aliwatangazia majirani kwamba mumewe anabeba magunia ya viazi sokoni Lima. Eleuterio alikuwa ameapa, tena mbele ya kaburi la baba mkwe, kwamba hatatia mguu msituni. Kusema kweli hakutia mguu. Alitia yote miwili, hadi magotini, kwenye tope la machimbo ya dhahabu, na usubi wa huko ukamfaidi vizuri.

Zahanati alipelekwa na mama mkwe, Saturnina, aliyedai anakwenda kupima presha. Presha ya Saturnina haijawahi kuwa na tatizo, na hilo ndilo lililopaswa kumshtua.

Nesi Nilda alimsimamisha mbele ya ramani ukutani: milima ya njano, msitu wa upande wa pili mwekundu, Lima na pwani yake nyeupe, kusiko na usubi huo.

"Uliumwa wapi?"

"Si hapa mguuni."

"Mguu nauona. Vidudu vya kidonda hiki viko vya aina nyingi, na kila aina ina kwao. Vya milimani hula ngozi vikaridhika. Vya msituni kidonda kinaweza kupona, vyenyewe vikabaki ndani, miaka ikipita vikaibukia puani. Wa njano nampa dawa ya kupaka. Wa nyekundu, sindano siku ishirini. Weka kidole."

Mtu ana pua moja tu, na ili aiokoe anaombwa anyooshe kidole, basi. Eleuterio, mwanamume wa ahadi, akakiweka Huancapuquio, katikati kabisa.

"Nilikuwa nachimba viazi shambani kwangu, baada ya kurudi kutoka Lima," akaongeza, maana uongo bila kitoweo haushuki.

Nesi akaanza kuandika dawa ya kupaka.

"Nesi," Saturnina akasema, "hebu mtazame shavuni."

"Namwona, bibi."

"Nina miaka sabini na mmoja hapa. Sijaona mtu wetu aliyepata uta mara mbili. Labda mkwe wangu anapendwa zaidi."

"Inatokea, mama," Eleuterio akasema, akicheka peke yake.

"Inatokea. Marehemu baba yake Fortunata naye alikuwa Lima. Alirudi na kidonda kama hicho, kikapona, tukachinja simbilisi watatu. Mwaka wa nne pua ikaanza kuziba. Ikaliwa, ikaisha. Akawa anakula amenipa mgongo, nisimwone. Nikimuuliza, ananiambia alikuwa Lima. Hadi siku tunamzika, mkwe wangu, alikuwa Lima."

Eleuterio aliigusa pua yake, ambayo hakuwahi kuifikiria hata siku moja, akaogopa kwelikweli. Kidole kikaondoka shambani kwake. Kikapanda milima, kikashuka ng'ambo, kikasimama kwenye wekundu wa Madre de Dios, kule kwenye machimbo. Nesi akaichana ile karatasi na kuchukua nyingine.

"Sasa," Eleuterio akauliza taratibu, "Fortunata ni lazima ajue?"

"Sindano ishirini atakupiga huyu nesi," Saturnina akasema, akijifunga shali. "Ya ishirini na moja inakungoja nyumbani. Tangulia, mkwe wangu. Mimi nabaki kupima presha."