Kopo la Majivu

Hapana, Chiku mwanangu, hiyo dawa ya wadudu ya pakiti usiniletee. Najua wanaiuza mjini, chini tu pale karibu na stendi ya teksi, na najua inaua upesi kuliko mkono wangu. Ndiyo maana siitaki. Vuta hiyo ndoo ukalie.

Miche yako unaikuta imelala kama imekatwa kwa wembe, sivyo? Huyo ni sota. Mchana haendi mbali, amejikunja palepale chini ya shina. Chokoa kwa kidole utamkuta, kiwavi mnene, rangi ya tope. Majani yakijikunja na sisimizi wanapandapanda, hao ni vidukari, wanyunyizie maji ya sabuni. Na kile kidudu chekundu cha madoa meusi kiache, kinakula vidukari na hakikuombi hata chai.

Mie kwenye mashina natia majivu. Tena kule mtaa wa Bellevue, ile nyumba tuliyopanga chumba chumba, kopo langu la majivu lilikaa jikoni. Unacheka? Jikoni, ndiyo, kwa ajili ya Victorine, Mama Shekinah, fundi cherehani wa Bukavu. Yeye maharagwe magumu hayapiki hivihivi. Anachota majivu, anayatia kwenye chujio, anamwagia maji, na yale maji yanayodondoka ndiyo anatia sufuriani. Yanalainika, wee! Umeme ukikatika tunapika kwa mkaa, majivu nachekecha mie, kopo letu moja. Ikawa mazoea.

Sasa, Jumamosi nikatia majivu kwenye kabichi kama kawaida. Jumapili nikatoka kumwagilia. Nikaona mbona kimya? Sisimizi hakuna hata wa dawa. Vile vidudu vyekundu viko chali. Nyungunyungu wametoka juu wamenyooka, hawatikisiki. Kando ya bomba njiwa, mdomo wazi.

Majivu hayaui njiwa, Chiku.

Nikachukua kijiti nikachokoa shinani. Ndani ya majivu mna chembe nyeusi, ngumu, zina harufu ya kukata pua. Nimesimama hivyo, nikasikia kifuniko cha sufuria kinagongagonga jikoni.

Magoti haya unayoyaona, siku ile yalikimbia.

Nikamkuta Victorine ana mwiko mkononi. Mjukuu wangu Nasra na Shekinah wake wameshika sahani.

"Weka chini! Wote!"

"Eh, Mzee, iko nini? Unafukuzwa na polisi?"

"Majivu umechota lini?"

"Leo, ya maharagwe."

"Umeonja?"

Akatazama kiganja chake. Ndivyo anavyoonja, anadondosha hapo analamba. "Chumvi tu," akasema. "Mara mbili hivi."

"Na watoto?"

Nasra huwa ananijibu Kizulu au Kiingereza nikimsemesha. Siku ile akajibu Kiswahili safi: "Babu, mimi bado." Nikamgeukia Shekinah. Kidevu chake kinang'aa mafuta.

"Shekinah!" mama yake akamshika mabega. "Umekula?"

"Mandazi," mtoto akasema. "Ya kanisa."

Lakini mtoto aliyekaripiwa hivyo atasema lolote. Nani angemwamini?

Hapo ndipo akaingia François, kijana wa Lubumbashi wa chumba cha nyuma, askari wa ulinzi, bado na sare yake. Anapiga mluzi. "Mzee! Sota wangapi wamekufa?"

Nikamwangalia.

"Nilichanganya ile sumu ya panya kwenye kopo lako," akasema, bado anatabasamu. "Kila siku unainama, mgongo unauma. Nilitaka ushangae."

"François, majivu yale Mama Shekinah anapikia."

"Majivu? Kupikia?" Kwao Lubumbashi, alisema, majivu ni ya kutupa. Halafu akaiona sufuria. Tabasamu likamkauka mdomoni.

Victorine alikuwa ameanza kutoka jasho. Mate yanamjaa, anameza, yanajaa tena. François akambeba mpaka barabarani, akamsimamisha jirani mwenye gari, tukajibana humo na watoto. Kila roboti, hizo taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, naapa. Shekinah mapajani kwangu, namtazama macho, namuuliza jina lake, jina la mwalimu wake, lolote tu asilale. Akanichoka. "Babu, mbona unauliza uliza?"

Kliniki wakamwingiza Victorine ndani, na mtoto pia. Sisi tukabaki benchi. François kajiinamia, "Mungu wangu, Mungu wangu," mpaka nikamshika mkono. Nifanyeje? Nilikuwa namchukia na namwonea huruma, yote pamoja. Kila mlango ukifunguka, moyo paa!

Alipotoka nesi akasema mtoto hana kitu, mandazi yalikuwa mandazi kweli. Mama naye walimtibu, wakamweka mpaka jasho likakauka. Angekula sahani moja, nesi alisema, tungekuwa tunazungumza mengine. Akatuambia tuvae mifuko mikononi, tufunge kila kitu kwenye plastiki: kopo, maharagwe, sufuria, hata kabichi. Kabichi zangu nilizing'oa zote. Nasra alisimama mlangoni, nimemkataza kukanyaga udongo.

Jua linashuka, François akaja na mkate, mayai, na sufuria mpya ina karatasi bado. Akachemsha mwenyewe. Nasra akatandika mkeka. Mayai yakawekwa katikati, na hakuna aliyekaa. Tumesimama, Chiku, kama watu msibani, njaa inatuuma, kila mtu anayaogopa yale mayai.

Victorine, sauti haina nguvu, akasema, "François. Umechanganya nini humu?"

Chozi likamtoka. "Maji, dada. Ya bomba la jikoni. Chumvi ndiyo hii, pakiti haijafunguliwa."

Akamenya yai, akalila lote mbele yetu. Tukamtazama anavyomeza. Victorine akashusha pumzi, akavuta khanga yake, akakaa, akamwekea Shekinah mkate. "Kaa basi na wewe," akamwambia François, "usitusimamie kama uko kazini." Victorine akaomba kwa Yesu wake, mie nikasema Bismillahi, tukakaa wote, tukala.