Sufuria ya Chumba 214

Saa moja kasoro robo asubuhi Concepta Mulhall alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akikata kabichi kwenye trei ya chai ya hoteli. Nyuma ya pazia, sufuria yake ndogo ya umeme ilikuwa inachemsha dengu na karoti. Kitunguu hakutia. Kitunguu kina mdomo, kingemchongea kwa korido nzima.

Alikuwa katika mwezi wa kumi na moja wa kuishi chumba hicho cha hoteli, karibu na uwanja wa ndege wa Dublin, tangu mwenye nyumba alipouza nyumba aliyompangisha kwa miaka kumi na tisa. Ofisi ya makazi ya serikali ilimweka hapo "kwa muda", ikimlipia chumba. Chumba kilikuwa na kitanda, televisheni na birika la umeme. Miezi minane alikula kinachotoka kwenye birika: tambi za pakiti, supu ya unga, na jioni mkate wenye nyama ya nguruwe kutoka kituo cha mafuta. Presha ikapanda hadi 178, sukari ikakataa kushuka. Ndipo aliponunua sufuria na kuificha kwenye sanduku, chini ya koti la baridi. Wiki iliyopita presha ilisoma 146. Daktari wake alirudia kupima, akidhani mashine imeharibika.

Leo saa nne alikuwa na vipimo vya mwisho kabla ya kubadilishiwa goti. Alikuwa amelingoja goti hilo miaka miwili na nusu, huku akifagia ngazi za ofisi za watu kwa goti bovu kila siku ya kazi. Presha ikizidi 180 hawampasui. Ndivyo barua ilivyosema.

Mlango uligongwa mara moja na kufunguliwa papo hapo. Alikuwa Fergal Deasy, meneja wa zamu, na ufunguo wake. Alisoma darasa moja na mwanawe Concepta, na Ijumaa nyingi alikula mezani kwake.

"Mama Mulhall, harufu gani hiyo?"

"Ya afya."

"Usinifanyie hivyo, mama. Tangazo unalijua." Alionyesha nyuma ya mlango: KUPIKA CHUMBANI NI MARUFUKU.

"Fergal, nina sukari na nina presha. Nile nini?"

"Si kuna birika?"

"Vya birika vyote ni chumvi tupu."

"Mimi si daktari. Pakiwaka moto hapa, kazi yangu imekwenda." Alizimwaga dengu chooni, akavuta maji, akaifunga sufuria kikaratasi chenye namba 214. "Hili ni onyo la kwanza. La pili, ofisi ya makazi inakutoa. Sufuria utarudishiwa siku ya kuondoka."

"Kuondoka kwenda wapi?"

Fergal aliibeba sufuria akatoka; jibu la swali hilo hakuna anayelipwa kuwa nalo.

Hospitalini nesi aitwaye Noreen alimfunga mkanda wa kipimo mkononi. 188. Wakasubiri dakika tano. 185.

"Vuta pumzi, mpenzi. Fikiria kitu kizuri."

Concepta alifikiria dengu zake zikizunguka chooni. 187.

"Siwezi kukupitisha," Noreen alisema. "Wiki iliyopita ulikuwa vizuri sana. Umekula nini?"

"Biskuti za chumvi. Wamechukua sufuria yangu."

Akamweleza yote. Noreen alisikiliza, akasema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akageukia kompyuta, kwa sababu kompyuta ilikuwa inangoja. Swali lilikuwa kuhusu ushauri wa lishe, na majibu yalikuwa mawili tu: anafuata, hafuati. Akabonyeza. Karatasi ikatoka na neno HAFUATI, pamoja na kijitabu chenye picha ya samaki na pilipili hoho: Epuka vyakula vya pakiti. Pika mwenyewe nyumbani.

"Lifute hilo neno."

"Siwezi, mpenzi. Kwa kipimo hiki, mfumo haukubali."

"Nimefuata mpaka nimenyang'anywa. Wewe ungeandika nini?"

Noreen aliitazama kibodi. "Watakupigia mwezi wa tisa, upimwe upya," alisema.

Ilikuwa Februari. Concepta alishuka ngazi za hospitali upande upande, akiwa na hasira iliyomkausha mate. Serikali hiyo hiyo ilimchapishia kijitabu apike, na ikalipia chumba kisichoruhusu kupika. Kila aliyemzuia alikuwa mpole, na kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Alipitia dukani, akanunua kabichi, karoti, dengu na kitunguu, kile kikubwa kuliko vyote.

Ukumbini kwenye mapokezi watalii wawili walikuwa wanasubiri teksi. Sufuria ilikuwa rafuni nyuma ya Fergal. Concepta alizunguka kaunta, akaichukua.

"Mama Mulhall, huko ni kwa wafanyakazi tu."

Aliijaza maji kutoka mashine ya maji ya wageni, akaichomeka kwenye umeme kando yake, akaketi, akatandika kijitabu mezani na kuanza kukatia kitunguu juu ya picha ya samaki.

"Hairuhusiwi kupika."

"Chumbani. Tangazo lako linasema chumbani. Hapa ni chumba cha nani?"

"Usinilazimishe niwapigie ofisi ya makazi."

"Piga."

Fergal alipiga. Muziki wa kusubirisha ulisikika mpaka kwa watalii. Akabadilisha sikio. Harufu ya kitunguu ilikuwa imeshafika kwenye lifti, na milango miwili mitatu ya juu ilisikika ikifunguliwa.

"Wamekwambia wewe ni wa ngapi kwenye foleni?" Concepta aliuliza.

"Wa thelathini na moja."

"Mimi huwa naanzia arobaini." Alitumbukiza kabichi, akafunika. "Kaa chini, mwanangu. Chakula kitaiva kwanza."