Timu ya Begi Moja

Siku yake ya kwanza kwenye chama cha mpira, binti alipewa pasi, meza yenye mguu mmoja mfupi na rundo la jezi za timu ya wanawake. Alikuwa amesomea uongozi wa michezo, tena amefaulu vizuri tu, lakini mwanagenzi ni mwanagenzi. Akapiga pasi. Ofisini walimwita Mgeni, wakaona inatosha.

Alipofika kwenye namba kumi na moja, jezi ikajivuta pembeni.

"Hapo kwapani pole pole," Katibu alisema bila kuinua macho kwenye chai yake. "Hiyo inatekenyeka."

Jioni jezi zilishuka ngazi zenyewe, mikono imejaa upepo, bukta zikifuata nyuma na soksi zikikimbilia mwisho kama vifaranga. Zikaenda uwanjani kufanya mazoezi. Kocha akazipulizia filimbi. Kipa alibishana naye kidogo kwa kutikisa kola, akaonywa. Mgeni aliokota mipira.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kingine. Namba kumi na moja ilikuwa ya dada yake mkubwa. Aliivaa siku ya majaribio tu, na tangu ateuliwe kwenye timu hajaitwa kambini hata mara moja. Alikimbia kila alfajiri, akapiga danadana uani mpaka mama yao akahamisha vyombo, na simu haikulia. Mgeni alipopata nafasi pale, dada alimshika mikono yote miwili.

"Mdogo wangu, niulizie tu. Nimekosa nini?"

Mgeni akauliza.

"Hajakosa kitu," Katibu alisema kwa upole kabisa. "Mchezaji mzuri mno. Ila mchezaji anakula, analala, anataka kiti kwenye basi. Jezi zinaenea begi moja."

"Kwa hiyo viti vya basi vinabaki wazi?"

"Vibaki wazi vipi? Vimejaa."

Kweli vilikuwa vimejaa. Mke wa Mwenyekiti, shemeji zake na msusi wake walishagawana vya dirishani.

"Usituone wabaya," Katibu aliongeza. "Zilining'inia stoo zikisubiri kuvaliwa tena mpaka zikachoka. Siku moja zikaenda zenyewe, zikashinda. Sasa tungezirudisha?"

Mgeni alikasirika mpaka akaunguza soksi. Soksi ikamnunia wiki nzima.

Kisha Kocha akaja na shida. Mechi kubwa imekaribia, na namba kumi na moja imeanza kusahau ile chenga ya dada ya mguu wa kushoto.

"Mwite dada yako," alisema. "Haraka."

Dada alifika akihema, nywele amesuka upya, begi la safari begani. Akaivaa jezi. Jamani, alicheza! Aliwapita wote, mabeki wakabaki wanajikunja kama nguo zilizodondoka kambani. Mgeni alishangilia pembeni mpaka sauti ikamkauka. Alijua mambo yamekwisha, dada kapata nafasi.

Kocha akapuliza filimbi.

"Safi sana. Imeshakumbuka. Ivue kabla haijapoa."

Dada akaivua, akaikunja mwenyewe, kola juu. Katibu alimpa mkono na chupa ya maji. Njia nzima kurudi nyumbani alilia bila kujificha, na Mgeni alimbebea begi, naye analia.

Siku ya mechi walikaa mbele ya runinga. Kabla ya mapumziko, namba kumi na moja ilipokea mpira, ikapiga ile chenga ya kushoto, ikafunga. Mtangazaji akalitaja jina la dada mara mbili kwa sauti ya kupasuka. Mama akapiga vigelegele, halafu akamtazama mwanawe, akavikatisha. Dada alikuwa amesimama katikati ya sebule, mguu wake wa kushoto unatetemeka.

Majirani wakajaa mlangoni. Mmoja akamuuliza amerudi saa ngapi.

"Sikwenda," dada alisema.

"Hongera hata hivyo," jirani akasema, akamwomba asogee kidogo, maana alikuwa amewaziba.