Sehemu Aliyoiweka Akiba

Fundi Saa alikuwa na gramafoni tisa na mke mmoja, na kila nafasi ilipobana, mke ndiye aliyesogezwa. Mashine zilianzia sebuleni, zikajaza chumba cha wageni, na ilipoletwa ile yenye pembe ya shaba pana kama beseni la kufulia, akaipigilia rafu jikoni, mbele ya dirisha. Tangu siku hiyo mkewe alichambua mchele kwa taa ya umeme asubuhi kweupe.

Alikuwa amestaafu kutengeneza saa, lakini mikono ilikataa kustaafu pamoja naye. Alinunua gramafoni zilizokufa minadani na kwa wauza vyuma chakavu, akazifungua, akazisafisha springi, akaziamsha. Mwanzoni ilikuwa burudani tu. Kisha mkewe akafanyiwa upasuaji wa koo, akarudi kutoka hospitali na mnong'ono badala ya sauti, na kazi ile ikapata sababu.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na santuri moja isiyofanana na nyingine. Ilichongwa kwenye maonyesho ya biashara, zamani walipokuwa wachumba. Uliingia kwenye kibanda cha kurekodia, ukafunga mlango, ukazungumza mpaka taa izime, kisha ukatoka na sauti yako imechorwa kwenye sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeusi laini. Fundi Saa alisubiri nje ya kioo, akiona midomo ya mchumba wake ikicheza bila kusikia neno. Waliisikiliza mara moja tu, kwa mama mkwe, ndugu wakicheka na kuongea juu yake. Halafu maisha yakaja, santuri ikaingia kabatini.

Sasa Fundi Saa alitafuta mashine itakayomrudisha mkewe vilevile alivyokuwa.

Kila gramafoni iliyopona aliipima kwa santuri hiyo, maana hakukuwa na sauti nyingine duniani aliyoijua kama ile. Aliteremsha sindano mwanzoni, akasikiliza kikohozi kidogo, kicheko, na maneno "Haloo? Ndiyo nimeanza?", kisha akainua mkono wa mashine. Basi. Kwa kulinganisha, hapo palitosha. Yaliyofuata aliyaweka akiba kwa ajili ya mashine iliyo bora kuliko zote. Hakutaka kuyasikia kwa sauti ya ovyo.

"Hii ya pembe inakutoa kama unamwita mtu ng'ambo ya barabara," alimwambia mkewe siku moja, kichwa chake kikiwa karibu kuzama ndani ya pembe. "Ya sanduku inakufunika shuka usoni."

"Na mimi niliyesimama hapa je?" mkewe akanong'ona kutoka mlangoni. "Ninatokaje?"

"Ngoja kwanza, mama, nasikiliza."

Jumamosi moja alasiri, mdogo wa kiume wa mkewe, fundi cherehani, alifika na mkokoteni. Alikuwa na futi ya kupimia nguo shingoni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na gramafoni ya kabati, ndefu, ya mbao nyekundu.

"Shemeji, leo unaumbuka mchana kweupe," alisema akifuta jasho.

"Hilo kabati lina mchwa kuliko nyimbo."

"Mchwa wangu wanaimba vizuri kuliko mapembe yako! Dada, njoo uwe mwamuzi."

"Mwamuzi asiye na filimbi," mkewe akanong'ona, na mdogo mtu akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi Saa hakuwa amesikia. Alikuwa ameshaanza kuzungusha hendeli.

Sindano ya chuma huchezeshwa upande mmoja wa santuri, kisha hutupwa, kwa sababu ncha yake huchakaa na kuanza kukwangua. Kila anayekusanya gramafoni analijua hilo, na Fundi Saa alilijua kuliko wengi. Lakini siku hiyo aliwaza haki.

"Nikibadilisha, utasema yako nimeipa sindano butu," alimwambia shemeji yake. "Sindano moja, mashine zote."

"Hapo umenena."

Wakapita mashine baada ya mashine. Kikohozi, kicheko, haloo. Kikohozi, kicheko, haloo. Zamu ya kabati ilipofika, Fundi Saa akaketi chini kwenye sakafu. Sauti haikuita kutoka mbali, wala haikufunikwa na kitu. Msichana yule alikuwa amesimama nao chumbani.

"Ndiyo hii," alisema taratibu. "Shemeji, umenishinda. Leo naisikiliza mpaka mwisho."

Akamletea mkewe kiti, akamkalisha mbele ya kabati kama mgeni wa heshima. Shemeji akamnyooshea sindano mpya.

"Hapana. Hii ndiyo iliyoshinda. Nikiibadilisha nitasikia kitu kingine."

Akaiteremsha. Kikohozi kilikuwa na mikwaruzo. Kicheko kikapita. "Haloo? Ndiyo nimeanza?" Kisha, mahali ambapo sindano ilikuwa haijafika kwa miaka mingi, ikasikika sauti kama kitambaa kinachochanika. Uzi mweusi ukainuka kwenye ncha ya sindano, ukajikunja, ukarefuka. Alidhani ni vumbi. Alipouinua mkono, rangi ilikuwa imebanduka kwenye duara pana, na chini yake bati tupu lilikuwa linang'aa.

Shemeji akavua futi yake shingoni, akaishika mkononi bila kujua la kuifanyia.

"Nenda ukatununulie maziwa," dada yake akamnong'oneza.

"Maziwa yapo, dada."

"Nenda."

Walipobaki wawili, Fundi Saa aliiondoa santuri kwenye mashine, akajaribu kulaza vipande kwa kidole. Vilivunjika kama majivu.

"Ulisema nini?" aliuliza bila kuinua uso.

"Leo ndiyo unaniuliza?"

"Nilikuwa nakuwekea akiba."

"Mimi nilidhani unaisikiliza yote nikiwa sokoni," mkewe alinong'ona, na Fundi Saa ikabidi asogee ili ayapate maneno. "Nilitaka kuimba. Wimbo ukanitoka nilipofunga mlango, nikaanza kupiga porojo. Nikasema nataka nyumba ambayo asubuhi jua linaingia jikoni."

Fundi Saa akatazama kuelekea jikoni, kwenye pembe ya shaba iliyoziba dirisha. Akaanza kuinuka. Mkewe akamshika mkono wa shati.

"Kaa. Rafu haikimbii."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilikwambia jambo. La kwako peke yako. Nililisema haraka, taa ilikuwa karibu kuzima." Alifumba macho, akatafuta. Alitafuta kwa muda mrefu. "Limenitoka, mzee wangu. Sikuhangaika kulishika. Nilijua unalo."

Sahani ya kabati ilikuwa bado inazunguka tupu. Springi ikalegea, sahani ikapunguza mwendo, ikasimama. Fundi Saa alivuta kiti kingine, akakibandika ubavuni mwa kile cha mkewe, akainama mpaka sikio lake likagusa shavu la mkewe.

"Jaribu tena," alisema. "Anza mwanzo. Sinyanyuki."

Mkewe akakohoa kidogo.

"Haloo?" alinong'ona. "Ndiyo nimeanza?"