Mvua za Jumatatu

Kwenye ramani, bonde la mashariki lilikuwa jekundu tupu, yaani kavu, na kikao cha kuamua miche elfu arobaini ipandwe bonde lipi kilikuwa saa nane mchana. Mchora ramani alikitazama kioo cha kompyuta, akasonya.

Si kwamba alikosa takwimu. Alikuwa nazo za kumwaga! Ndiye aliyekusanya joto na mvua za miaka ishirini na mbili kutoka ofisi zote, akaziweka mahali ambapo yeyote angezichukua bila kumbembeleza mtu. Na takwimu zilisema miti ya bonde lile haitashika.

Aliyeumia zaidi ni Bwana Chura, mtafiti wa meza ya pili, ambaye jina hilo la utani alilipenda mwenyewe. Kwa jinsi joto linavyopanda, vyura wake wa bondeni walihitaji msitu wa kupitia hadi mlimani kwenye ubaridi. Bila miti, wamekwisha. Siku hiyo hata chai hakuigusa, alirudia tu kwamba buti zake hazijawahi kutoka bonde lile zikiwa kavu.

Hilo la buti lilimkaa mchora ramani kichwani. Akafungua takwimu za siku moja moja. Loo! Kila Jumamosi kistari cha kuonyesha hakuna kipimo, kila Jumapili kistari, kila Jumatatu mvua ya kutisha, ambayo kompyuta iliitupa ikidhani ni kosa. Na nani aliyeiagiza itupe? Yeye mwenyewe.

Sasa kasheshe ni kwamba aliyepima mvua za bonde lile, uani mwa shule, alikuwa mama mkwe wake. Utamwulizaje mama mkwe, tena mwalimu mstaafu, kama alikuwa akitega kazi? Lakini saa sita ilishapita. Akapiga simu, akaamkia, akaulizia kuku, akaulizia magoti, kisha akajikaza kisabuni.

"Mama, samahani sana. Jumamosi na Jumapili ulikuwa unapima?"

"Shule imefungwa, geti lina kufuli, nipime kwa kuruka ukuta? Maji yanakaa chomboni mpaka Jumatatu. Kwani yataenda wapi, mwanangu?"

Mvua ya siku tatu! Mchora ramani alicheka hadi mbavu zikamuuma, akaomba radhi, akafuta agizo lake. Zile mvua zikarudi, bonde likageuka kijani. Akawatumia wajumbe ramani mpya na takwimu zake zote, na kosa lake akaliandika juu kabisa. Kikaoni wakapiga hesabu wenyewe, wakakosa pa kubishia. Miche yote ikaenda bonde la mashariki.

Bwana Chura alilia kwa furaha bila kuona haya. Akaomba simu amshukuru mama mwenyewe, akamweleza kwamba kwa sababu ya daftari zake za mvua vyura wamepata njia.

Mama mkwe akadakia.

"Vyura? Hawa wanaoninyima usingizi kila mvua ikinyesha?" Akaguna, kisha akaangua kicheko. "Haya, pandeni. Ila njia yao isipite dirishani kwangu."